Maswali yenu: Lubaina Himid, kumbukumbu, na kuchora yale yaliyouma

Toleo lililopita tuliandika habari za Lubaina Himid, yule mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 akakulia Uingereza, na mwaka 2017 akachukua Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa kule, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata na akiwa tayari na miaka 63. Meseji zimekuja nyingi sana. Wachache mmeuliza habari za tuzo, wengi mmeuliza mambo ya majumbani kwenu, ya kufiwa, ya kuhama, ya asili ambayo hamuambiwi. Nimechagua tano, majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Mimi nimezaliwa Muscat, wazee wetu walitoka Unguja baada ya 1964. Nyumbani tunaongea Kiswahili, tunapika urojo, bibi anaimba taarabu za zamani jikoni, lakini Zanzibar yenyewe nimefika mara moja tu nikiwa mtu mzima na nilijiona mgeni, hata muuza samaki aliniongelesha Kiingereza. Nachora kidogo kidogo. Kila nikijaribu kuchora Zanzibar inatoka kama kadi ya watalii, mlango wa kunakshiwa, ngalawa, jua linazama. Hivi mtu anaweza kuchora kumbukumbu za mahali ambapo hana kumbukumbu napo? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Marahaba mwanangu. Anaweza, na Lubaina mwenyewe ndo ushahidi. Baba yake alifariki kwa malaria yeye akiwa na miezi minne tu, mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akambeba wakarudi kwao. Miezi minne mtoto hata shingo ndo kwanza inakaza, hana anachokikumbuka, kwa hiyo Zanzibar yote aliyokua nayo ilikuwa ya kusimuliwa na ya kukisia. Amekua kasomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia, kachukua digrii ya pili pale Royal College of Art mwaka 1984, kaingia kwenye mapambano ya wasanii weusi waliokuwa hawapewi nafasi kwenye majumba ya sanaa ya London, mwaka 1985 akaandaa maonyesho ya The Thin Black Line yenye wanawake 11, na nafasi waliyopewa ilikuwa korido, yaani watu wanapita kwenda kwingine ndo wanaziona picha. Maisha yote hayo kabla hajaigusa Zanzibar kwa brashi.

Alirudi 1997. Na kilichotoka baada ya safari ile ni mfululizo wa picha alioupa jina la Zanzibar, wa mwaka 1999, na hapa ndo nataka uangalie vizuri kwa sababu ndo jibu la swali lako. Hamna mtu ndani ya picha zile. Hamna sura ya baba, hamna nyumba ya kuzaliwa, hamna ngalawa ya kumpendeza mgeni. Kuna vibao vya madirisha, kuna mistari ya maji, kuna mapambo yanayojirudiarudia kama kwenye kitambaa, na nafasi kubwa tupu katikati. Moja jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Machozi ya Wanawake Yanaijaza Bahari, nyingine inahusu bahari pia, kupunga mkono wa kwaheri na kusalimia hapohapo. Ukijua habari ya yule baba, yale maji huyaangalii tena kama pambo.

Mimi navyoelewa, hakuchora Zanzibar, alichora umbali wake na Zanzibar, na huo umbali anaujua kuliko mtu yeyote kwa sababu ameishi nao tangu uchanga. Kadi ya watalii ni kumbukumbu ya mtalii, yeye ule mlango aliuona kweli, akapiga picha, akaondoka, ndo maana ukiuchora unatoka wake na si wako. Wewe Zanzibar yako iko Muscat. Iko kwenye sauti ya bibi jikoni, kwenye mbuzi ya kukunia nazi iliyovuka bahari, kwenye jina la mtaa ambalo wazee wakilitaja wananyamaza kidogo halafu wanabadilisha mazungumzo. Chora hiyo. Halafu chora yule muuza samaki, tena anza naye, maana nimeona ulivyoiandika ile sentensi yako kwamba bado inauma, na hapo unapoumwa unajua kila kitu, unajua alisimama vipi, alishika nini, wewe ulijibu kwa Kiswahili kipi na yeye akashtuka vipi. Huwezi kupata kitu cha kubuni kinachoshinda hicho.

Na wala usikimbilie kuziba sehemu usizozijua kwa kuweka minazi. Ziache wazi, mtazamaji ataziona.

SWALI: Assalaam alaykum. Bibi yangu mzaa baba, nikiwa msichana, aliniambia kwa siri kwamba mama yake aliletwa Unguja kutoka bara akiwa mtoto, aliuzwa, na jina tulilolijua sisi si jina alilopewa kwao. Bibi akafariki. Nilipomgusia baba alikasirika sana, akasema habari hizo zinashusha ukoo na mimi nina watoto wa kuozesha. Nimekaa nalo kifuani miaka mingi. Kazi yangu ni kuwapamba maharusi kwa hina na piko, mkono ninao. Nataka kumchora huyu mama lakini sina picha yake, sina jina lake, na naogopa kuwaaibisha wakubwa. Nifanyeje? (Mama wa watoto wanne, Unguja)

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu. Swali lako nimelisoma nikalirudia, na nitakujibu kwa urefu maana najua si wewe peke yako, ukanda wetu huu umejaa nyumba ambazo kuna bibi mmoja hatajwi.

Kwanza hili la aibu. Soko la watumwa pale Mkunazini lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Unguja na Pemba 1897. Huyo mama aliibiwa kwao akiwa mtoto. Aibu ni ya aliyemuuza na aliyemnunua, yeye hana hata chembe, na mimi sikubaliani kabisa na desturi ya kumficha aliyedhulumiwa ili kulinda heshima ya walio hai. Ila baba ni baba, nitarudi kwake.

Sasa la jina na picha. Kazi ya Lubaina ninayoipenda kuliko zote inaitwa Naming the Money, ya mwaka 2004. Alikata vibao, akachora watu 100 wa kimo cha binadamu, wamesimama chumbani kama wageni wa karamu, na wewe unapita katikati yao. Ni Waafrika waliopelekwa Ulaya kutumika kwenye majumba ya matajiri, kuna wapiga ngoma, wachora ramani, washona viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, wacheza densi, wafunza mbwa, watengeneza vidude vya watoto. Kila mmoja ana maneno yake machache, na maneno yanakwenda kwa mpangilio mmoja: jina langu la kweli, jina wanaloniita hapa, kazi niliyokuwa naifanya kwetu, kazi ninayoifanya sasa, na kitu kimoja nilichobaki nacho ambacho hawawezi kukichukua. Basi. Mgongoni mwa vibao maneno yameandikwa kwenye karatasi za mahesabu, zile za kuandikia hesabu za biashara.

Ona alichofanya. Watu wale majina yao yamepotea kwenye historia, kama la huyo mama wa bibi yako lilivyopotea, na yeye hakukaa kusubiri karatasi ipatikane. Amewapa majina, amewapa ufundi, amewavalisha rangi kali za kupendeza, njano, buluu, waridi, ukiingia chumbani unaona watu wenye maringo yao. Hamna mnyororo hata mmoja unaokupiga usoni. Hiyo ni hiari yake kama mchoraji, kwamba mtu hatakumbukwa kwa lile alilofanyiwa tu.

Kwa hiyo dada, sura ya huyu mama huijui, sawa, lakini mavazi yake unaweza kuyajua. Wakati wa utumwa wanawake watumwa walivaa merikani, ile nyeupe isiyo na ua, au kaniki iliyochovywa rangi nyeusi ya nili, na baada ya kuachwa huru wengi wakazitupa wakajifunga kanga, makusudi kabisa, ili mtu akimuona njiani asimjue kwa nguo kwamba huyu alikuwa wa fulani. Hapo una picha mbili tayari, kaniki na kanga. Mikono yake chora ya kwako. Kama hujui sura iache ipindie pembeni, au izibe kwa maua ya piko kama unavyochora kwenye miguu ya maharusi, huo mkono ulionao nadhani umetoka kwa hao hao kina mama. Na jina, andika lile la Unguja, pembeni yake acha mstari mtupu, ukubwa uleule.

Kwa baba usipeleke picha mezani kumlazimisha. Ichore kwanza iwe yako. Labda kuna shangazi anayejua zaidi ya unavyodhani, mwendee ukiwa peke yako, mwambie nachora, niambie bibi alikuwa anapenda rangi gani. Watu wazima wakiulizwa habari ya rangi na nguo wanafunguka, wakiulizwa habari ya asili wanafunga mlango. Na kama baba hataki maisha yake yote kuiona ikining'inia sebuleni, basi ikae chumbani kwako. Watoto wako wanne wataiona na watauliza huyu ni nani, na wewe utakuwa na la kujibu.

SWALI: Jambo mama. Miye ni mutoto wa Lubumbashi, niko naishi Bruxelles. Ku salo (sebule) ya nkambo (babu au bibi) kulikuwaka tablo (picha) ya Colonie belge (Koloni ya Wabelgiji), mutu amelala chini anapigwa fimbo, muzungu anaangalia. Siye batoto tulikuwa tunaiogopa sana. Juu ya nini mutu anaweka mateso ku ukuta ya nyumba yake? Wewe unasema Lubaina haonyeshe minyororo, sasa bale bazee betu balikosa? (Bruxelles)

JIBU: Jambo sana mtoto wetu. Hawakukosea, na nimefurahi umeuliza maana nisingependa watu waondoke hapa wanadhani kuna njia moja tu.

Picha zile za Katanga, upande wenu huo wa Lubumbashi, wenyewe waliziita vitu vya ukumbusho. Miaka ya 60 na 70 wachoraji wa Lubumbashi na Kolwezi walikuwa wanazichora kwa wingi, mara nyingi kwenye kitambaa cha magunia ya unga kilichopakwa rangi nyeupe kwanza, wanauza kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodi anaimudu, na zinatundikwa sebuleni siyo makumbusho. Anayejulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapo hapo 1947. Yeye alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 alikutana na profesa mmoja Mjerumani, Johannes Fabian, na kufikia 1974 alikuwa amemchorea historia nzima ya nchi, picha 101, kuanzia falme za kale, kuja kwa Wabelgiji, mpaka Lumumba na Mobutu, huku akimsimulia kila picha kwa Kiswahili cha kwenu huko na profesa anarekodi. Kifo cha Lumumba alikichora kwa misalaba mitatu mlimani, yaani kama Golgota, pale aliposulubiwa Yesu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 80 hajulikani alipo. Picha zake nyingi ziko Amsterdam, na hili mimi linaniuma, kwamba mjukuu wa Lubumbashi inabidi apande treni kutoka Bruxelles kwenda kuiona historia ya babu zake.

Nkambo wako ile fimbo aliijua, labda mgongoni mwake mwenyewe. Mtu aliyepigwa halafu akaambiwa miaka yote kwamba ukoloni ulimletea shule na hospitali, anataka ukuta wake useme ukweli, na sebule ndo mahali ambapo mgeni anakaa kwa hiyo mgeni atasoma. Lubaina yuko mahali pengine, anaonyesha kazi zake Uingereza mbele ya watazamaji ambao wengi wao wamezoea kuuona mwili wa mtu mweusi ukiteswa kwenye picha mpaka hawashtuki tena. Ndo maana alipochora habari ya meli ya Kifaransa iitwayo Le Rodeur, ambayo mwaka 1819 ugonjwa wa macho uliingia, watumwa na mabaharia wakapofuka, na wale watumwa vipofu wakatupwa baharini ili wenye meli walipwe bima, hakuchora mtu akitupwa. Alichora watu waliovaa vizuri wamesimama chumbani, hawaangaliani, na bahari iko nje. Unahisi kizunguzungu bila kujua kwanini mpaka mtu akusimulie.

Yule aliyeumia, au aliyerithi maumivu, ndo mwenye haki ya kuchagua kipi kionekane. Nkambo alichagua. Wewe sasa ni mtu mzima na unaweza kuchagua kingine, au hichohicho.

SWALI: Mnasemasema kuchora kunaponya. Mimi nina sonona, nilipewa dawa, niache dawa nichore? (Kijana, Dodoma)

JIBU: Usiache dawa mdogo wangu, tafadhali. Ulipo hapo mnayo hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, kama dawa zinakusumbua rudi kwa daktari uwaambie wabadilishe, usijikatie mwenyewe.

Kuchora kunasaidia, kwa kuongezea. Mchoraji wa Kiingereza Adrian Hill alikuwa amelazwa na kifua kikuu mwaka 1938, akawa anachora kitandani, akaona akili inatulia, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, na 1942 akaipa jina tiba ya sanaa, leo ni taaluma watu wanaisomea. Mwaka 2016 kuna watafiti Marekani walipima mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya kuchora na kufinyanga kwa dakika 45, robo tatu yao homoni ya msongo ilishuka, na waliokuwa hawajui kuchora walifaidika sawa na wanaojua. Ni utafiti mdogo lakini inatosha kukwambia chukua penseli. Ukiona kila ukichora unazidi kuzama, acha siku hiyo, nenda kakae na mtu.

SWALI: Hujambo dadangu. Mamangu mzazi alifariki mwaka juzi, ameacha sanduku la leso (kanga), nyingine hazijafuliwa hata mara moja. Siwezi kuzivaa, siwezi kuzigawa. Kuchora sijui kabisa wala sina hela ya vifaa. Lubaina anachora leso nimeona, mimi naweza kuanzia wapi? (Mombasa)

JIBU: Sijambo dadangu, pole sana kwa mamako, Mungu amrehemu.

Ndio, amechora leso kwa miaka mingi, anafuata mpangilio wetu, pindo pembeni, mji katikati, na maneno chini, ila maneno anaandika ya Kiingereza. Mwaka 2018 pale BALTIC, jumba la sanaa la Gateshead, Uingereza, alitundika vitambaa vilivyochorwa kwa mtindo huo juu kama bendera, vina maneno ya waandishi weusi kama James Baldwin na Audre Lorde, na watu wanaokuja kuangalia walikuwa wanaweza kuvuta kamba kuvipanga upya.

Hela ya vifaa isikukwaze. Huyu mama amechora kwenye droo kuukuu, amechora kwenye sahani na mabakuli ya mitumba, mwaka 2007 alichora vyombo 100 vya mezani kukumbuka kwamba mji wa Lancaster ulitajirika kwa watumwa, vyombo vya kununua huku na huku tu. Kanvasi ni ghali, ubao wa plaiwudi uliobaki kwa fundi si ghali. Upake kwanza rangi nyeupe ya maji ya kupakia ukuta, mara mbili, uache ukauke kabisa. Rangi nunua akriliki, nyekundu, buluu, njano, nyeupe, nyeusi, hizo tano unachanganya unapata zote, inakauka upesi na brashi unaosha kwa maji. Rangi ya mafuta iache kwa sasa, inataka tapentaini na uvumilivu.

Leso za mamako usizikate na wala usizichore juu. Toa moja, ile unayomkumbuka nayo zaidi, itandaze kitandani, na usijaribu kuchora leso nzima wala uso wa mama. Chukua kona moja ya pindo, pima kwa rula, nakili umbo moja moja pole pole. Maneno ya leso ile yaruke. Pale chini andika kitu alichokuwa anakwambia yeye, kwa maneno yake, hata kama ni kukuita ule kabla chai haijapoa. Ukishamaliza piga picha unitumie, na ukikwama kwenye kuchanganya rangi andika tena nitakujibu.